Maswali ya Wasomaji: Nyumba za Kivietnam kwa Reli ya Modeli

Tangu safu hii ilipogusia reli za Vietnam katika toleo lililopita, barua zilizotufikia zimekuwa na swali moja lililojificha ndani ya maswali mengi: nyumba zinapatikana wapi, na zisipopatikana, zinajengwaje? Tumechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa na wasomaji wengine, na pale zilipokuwa ndefu tumezifupisha bila kubadilisha maana.

Swali: Ndugu mhariri, ninajenga reli ya modeli ya skeli ya 1:87 yenye njia ya milimita 12, na ninakusudia kuonyesha mtaa wa Hanoi ambamo treni hupita katikati ya nyumba za watu. Nimetafuta nyumba za kununua kwa miezi kadhaa, na ninachokipata ni ama nyumba za vijiji vya Ujerumani, ama mahekalu yenye paa zilizopinda ambayo wauzaji huyaita ya Kiasia. Je, nyumba za Kivietnam zilizo tayari nitazipata wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza nikupongeze kwa kuchagua njia ya milimita 12. Njia kuu ya Vietnam, inayotoka Hanoi hadi Jiji la Ho Chi Minh kwa umbali wa kilomita 1,726, na ambayo ilikamilika mwaka 1936 chini ya utawala wa Wafaransa, ina geji, yaani nafasi kati ya reli mbili, ya mita moja. Ukiigawa mita hiyo kwa 87 unapata milimita 11.5, kwa hiyo reli za milimita 12 zinakaribia ukweli kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona tofauti. Jambo hili lina uzito kwa nyumba pia, kwa sababu nyumba iliyojengwa kwa vipimo sahihi, ikisimama kando ya njia iliyo pana kupita kiasi, huonekana kana kwamba yenyewe ndiyo iliyokosewa.

Kuhusu nyumba zilizo tayari, ushauri wangu ni kwamba usipoteze miezi mingine. Chapa za Ujerumani kama Faller, Vollmer, Kibri na Auhagen hutengeneza zaidi nyumba za Ulaya ya kati, na zile za Japani, kama Tomytec, Kato na Greenmax, hutengeneza zaidi nyumba za Kijapani, tena kwa skeli ya 1:150. Mahekalu uliyoyaona yamechorwa kutokana na wazo la jumla kuhusu Asia, na hata paa zake zikipinda kwa ufundi mkubwa hazitakupa mtaa wa Hanoi, kwa sababu mtaa wa Hanoi hautambuliwi kwa paa. Unatambuliwa kwa upana wa nyumba.

Nyumba ya kawaida ya mjini nchini Vietnam huitwa nhà ống, yaani nyumba ya bomba. Uso wake unaotazama barabara huwa na upana wa mita 3 hadi 5, lakini kiwiliwili chake huingia ndani mita 15 au 20, na katika mitaa ya kale ya Hanoi zipo zinazoingia ndani zaidi sana ya hapo. Husimuliwa mara nyingi kwamba zamani kodi ilipimwa kwa upana wa uso wa duka, na ikiwa hiyo ilikuwa sababu moja, nyingine ni kwamba kila familia ilitaka kipande chake cha barabara cha kufanyia biashara. Nyumba ya mita 4 kwa mita 16 yenye tabaka nne, kuhesabu na la chini, kwa skeli yako itakuwa na upana wa milimita 46, kina cha milimita 184 na kimo cha karibu milimita 165. Chukua kadibodi leo, kata mstatili wa 46 kwa 165, usimamishe kando ya reli zako, kisha simamisha mwingine pembeni yake ulio mfupi kidogo. Utaiona Vietnam kabla hujafungua kopo la rangi.

Hii haimaanishi kwamba hakuna cha kununua. Nunua sehemu badala ya nyumba nzima: fremu za madirisha, vyuma vyembamba vya roshani vilivyochongwa kwenye shaba, karatasi za plastiki zenye alama za matofali na za mabati. Majengo membamba ya biashara ya Kijapani ya 1:150 yanaweza kusimama nyuma kabisa ya mandhari yako ya 1:87, kwa sababu udogo wao utalifanya jicho lidhani yako mbali. Ila yaondolee mabango yake ya Kijapani na uyafunike madirisha yake kwa vyuma. Watengenezaji wa vifaa vya michezo ya vita vya mezani nao huuza nyumba za vijiji vya Asia ya Kusini-Mashariki zilizokatwa kwa leza, na zile za kimo cha milimita 20, ambazo hukaribia 1:72, zinaweza kupunguzwa zikafaa pembezoni mwa mji. Mwenye printa ya 3D atajisaidia zaidi kwa kuchapa vitu vinavyojirudia, kama nguzo ndogo za roshani na matofali ya nakshi yenye matundu ya hewa, kuliko kuchapa nyumba nzima.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni picha. Picha za barabarani za kwenye intaneti zimeifikia mitaa mingi ya Vietnam, na ndani yake kuna rula za bure. Pikipiki ndogo ya aina ya Honda Wave ina urefu wa takriban mita 1.9, na ikiwa imeegeshwa sambamba na uso wa nyumba, unaweza kuupima uso wote kwa pikipiki hiyo. Pale njia ya reli inapoikata barabara mbele ya nyumba, nafasi kati ya reli mbili ni mita moja kamili. Mimi huchapisha picha, huweka juu yake karatasi inayopitisha mwanga, na kuandika vipimo kwa penseli kabla ya kugusa kisu.

Swali: Nimezoea kuunganisha seti za plastiki lakini sijawahi kujenga nyumba kutoka mwanzo. Nianzie wapi, na nitumie kadibodi au plastiki?

Jibu: Anzia ubavuni. Najua ushauri huu unashangaza, kwa kuwa kila mtu huvutiwa na uso wa nyumba, wenye roshani zake na maua yake, lakini ubavu ndio unaoifanya nyumba ya bomba iaminike. Mwenye nyumba hutumia fedha zake kwenye uso unaotazama barabara. Mbavu zake huachwa bila madirisha, mara nyingi bila rangi, kwa sababu wakati wowote jirani anaweza kujenga na kuziba kila kitu. Nyumba yangu ya kwanza niliipamba pande zote nne, ikawa na madirisha kila upande, nami nikaiweka mezani nikiwa nimeridhika. Lakini kila nilipoitazama niliona jengo la mahali pasipojulikana. Nilipoziba madirisha ya mbavuni na kuzipaka rangi ya saruji iliyochakaa, nyumba ileile ikarudi Hanoi.

Jengo lenyewe ni kiunzi cha nguzo na mihimili ya zege ambacho nafasi zake hujazwa matofali. Nguzo ya milimita 220 inakuwa milimita 2.5 kwa skeli ya 1:87. Tofali la kawaida la Vietnam lina vipimo vya milimita 220 kwa 105 kwa 60, kwa hiyo kwenye modeli yako litakuwa na urefu wa milimita 2.5 na kimo cha milimita 0.7, na karatasi ya plastiki yenye alama za matofali utakayoinunua ni vema ikaribie hapo. Ukuta wa tofali moja jembamba huwa na unene wa milimita 110, ambazo ni milimita 1.3 kwenye modeli, na hii ni bahati njema, kwa sababu plastiki au kadibodi ya unene huo inapatikana kwa urahisi, na unene wake utaonekana sahihi kwenye kingo za madirisha bila kazi ya ziada.

Mimi hutumia vyote viwili. Uso wa nyumba naujenga kwa plastiki nyeupe ya stairini, kwa kuwa hukatika kwa usafi na gundi yake ya kuyeyusha huunganisha sehemu ndogo bila kuacha uvimbe. Mbavu na nyuma nazijenga kwa kadibodi ngumu. Kadibodi ikipakwa rangi upande mmoja tu hupinda, kwa hiyo paka vanishi pande zote mbili kabla ya kuanza, na uweke sakafu halisi ndani ya nyumba kwa kila tabaka ili zizishike kuta. Sakafu hizo zina faida nyingine ninayoipenda sana: ukizikata ziwe ndefu kuliko kina cha nyumba kwa milimita 10, zitatokeza mbele ya ukuta na kuwa roshani, kama vile bamba la zege linavyotokeza kwenye nyumba yenyewe. Roshani ya namna hiyo haidondoki kamwe, kwa kuwa haikubandikwa.

Toboa madirisha yote wakati ukuta ungali sehemu ya karatasi kubwa, kwa sababu kipande chembamba cha milimita 46 hukunjamana kisu kinapokandamiza. Tabaka la chini liache wazi upande wote wa mbele, kwa kuwa hilo ni duka, na usiku hufungwa kwa mlango wa chuma wa kukunja. Lililo wazi huonekana ndani, basi weka sakafu ya vigae vya rangi mbili iliyochapishwa kwenye karatasi, pikipiki moja iliyoingizwa ndani, viti vidogo vya plastiki vyekundu au vya buluu, na taa moja nyeupe kali. Tabaka la juu kabisa kwa kawaida hurudi nyuma na kuacha baraza la wazi mbele, na hapo ndipo familia nyingi huweka chumba cha madhabahu ya mababu. Juu yake kuna kipaa cha mabati kilichosimama kwenye vyuma vyembamba, na tangi la maji la chuma kisichoshika kutu lililolala kwenye kiunzi chake. Tangi la lita 1,000 lina kipenyo cha karibu milimita 11 kwa skeli hii, kwa hiyo kifuniko cha kalamu nene, kikizungushiwa nyuzi chache ili kupata mifuo na kupakwa rangi ya fedha, kitakutosha.

Ukishajenga nyumba tano au sita, zipange bila kuzigundisha. Urefu wa kwenda juu usilingane kamwe kati ya jirani na jirani, wala roshani zisiwe kwenye mstari mmoja, na pale nyumba ndefu inapompita jirani yake, lile eneo la ubavu linalobaki wazi juu ya paa la jirani ndilo litakalobeba matofali yasiyopigwa plasta.

Swali: Meza yangu inaonyesha miaka ya mwisho ya 1970, wakati vichwa vya treni vya mvuke vya aina ya Tự Lực vilipokuwa bado kazini. Je, nyumba za bomba za tabaka tano zinafaa?

Jibu: Hazifai, na nafurahi umeuliza kabla ya kujenga. Ule ukuta wa nyumba ndefu zenye rangi nyingi ni tunda la mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986, yanayoitwa Đổi Mới, ambayo yaliwapa watu binafsi nafasi na fedha za kujenga. Kwa kipindi chako jenga nyumba za upana uleule mwembamba lakini za tabaka moja au mawili, zenye paa za vigae vya udongo zilizoinama kuelekea barabarani, kuta za chokaa ya manjano iliyofifia, na milango ya mbao badala ya chuma. Ongeza jengo moja la makazi ya pamoja ya serikali, khu tập thể kwa Kivietnam, yaani jengo refu la tabaka nne au tano lenye ngazi za pamoja na korido za wazi, ambalo ni rahisi kujenga kwa sababu sehemu zake zote ni mraba na hujirudia. Vile vizimba vya chuma vilivyoning'inia nje ya madirisha ya majengo hayo, ambavyo wakazi waliviongeza ili kupata nafasi na usalama, viweke vichache sana. Wingi wake ni wa miaka ya baadaye.

Swali: Je, inawezekana kubadilisha seti ya stesheni ya Kifaransa iwe stesheni ya Vietnam? Na ni stesheni ipi inayofaa kwa meza isiyo kubwa?

Jibu: Inawezekana, na kwa stesheni ndogo za njiani ni njia nzuri kabisa, maana wahandisi waliozichora walikuwa Wafaransa na waliyaleta mazoea yao. Lakini waliyarekebisha kwa ajili ya joto na mvua, na marekebisho hayo ndiyo kazi yako. Refusha paa litokeze nje ya ukuta kwa mita moja au zaidi, ongeza baraza lenye kivuli upande wa jukwaa, ondoa mabomba ya moshi yote, na ubadilishe madirisha ya vioo yawe ya mbao yenye luva. Paka kuta rangi ya manjano ya udongo, na mbao zote kijani au kahawia iliyokolea.

Kuhusu stesheni kubwa, nakusihi uwe mwangalifu. Stesheni ya Hanoi ilifunguliwa mwaka 1902, lakini sehemu yake ya kati iliharibiwa kwa mabomu ya Marekani mwaka 1972, na mwaka 1976 pakajengwa jengo la zege la mtindo wa kisasa katikati ya mabawa mawili ya Kifaransa yaliyosalia. Huu ni mchanganyiko usio na mfano, na ukiujenga kwa uaminifu hakuna atakayeuliza meza yako inaonyesha nchi gani. Ila ni mrefu mno hata ukiufupisha. Stesheni ya Đà Lạt, iliyokamilika mwaka 1938, nayo ina mapaa matatu yaliyochongoka mbele ambayo husemwa yanafuata vilele vya mlima Lang Biang, na chini yake kuna vioo vya rangi. Urefu wake unazidi mita 60, maana yake ni zaidi ya sentimita 69 kwa skeli ya 1:87. Anayeitamani akumbuke pia kwamba iliungana na Tháp Chàm kwa njia ya kilomita 84 iliyokuwa na sehemu za reli yenye meno ya kupandia mlima, na kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo haipo tena, isipokuwa kipande cha kilomita 7 cha kwenda Trại Mát.

Kwa meza ndogo, chagua stesheni ya Hải Phòng. Nayo ilijengwa mwaka 1902, bado ina sura yake ya Kifaransa, iko mwisho wa njia inayotoka Hanoi, na stesheni ya mwisho wa njia huokoa nafasi kwa sababu reli hazihitaji kuendelea upande wa pili.

Swali: Nina reli na treni nyingi za milimita 9 za skeli ya 1:160. Je, niziuze nianze upya?

Jibu: Usiziuze. Milimita 9 zikizidishwa kwa 160 ni milimita 1,440, na hiyo ni karibu sawa na geji ya kimataifa ya milimita 1,435. Geji hiyo ipo Vietnam: kati ya Gia Lâm, ng'ambo ya mto Mwekundu kutoka katikati ya Hanoi, na Đồng Đăng kwenye mpaka wa China, njia ina reli tatu ili treni za geji zote mbili zipite. Weka mandhari yako hapo, ongeza reli ya tatu ya mapambo tu kwa waya mwembamba, na utakuwa umesema kweli bila kubadilisha gurudumu hata moja. Nyumba ya mita 4 kwa 16 itakuwa milimita 25 kwa 100, na yale majengo ya Kijapani ya 1:150 niliyoyataja juu sasa yanaweza kukaa hata mbele, kwa kuwa tofauti yake na 1:160 ni ndogo.

Swali: Napenda nyumba za nguzo zinazosimama juu ya maji katika delta ya Mekong. Naweza kuziweka kando ya njia ya Hanoi hadi Saigon?

Jibu: Hapana, kwa kuwa njia hiyo huishia Saigon, yaani Jiji la Ho Chi Minh, na delta iko kusini zaidi. Lakini kuna jibu lililo zuri kuliko hapana. Reli ya kwanza ya Vietnam ilikuwa ile ya Saigon hadi Mỹ Tho, iliyofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1958, na hiyo iliingia deltani. Ukikubali kuonyesha enzi hiyo, jenga nyumba zako kwa vijiti vya mianzi na makuti ya mnazi-maji, weka migomba na mitumbwi, na usitumie bati jipya hata kipande.

Swali: Vigae vya mji wa kale wa Hội An nimevijaribu mara tatu na kila mara paa linaonekana kama karatasi iliyokunjwa. Nifanyeje?

Jibu: Tatizo lako nadhani ni kwamba unaiga mawimbi, wakati paa la Hội An lina mabonde. Vigae vyake, vinavyoitwa âm dương, ni vyembamba na vimepinda. Safu moja hulala chali kama mfereji, na inayofuata hufudikizwa juu ya kingo za mifereji miwili. Tengeneza kwanza bamba laini la plastiki, bandika juu yake vijiti vya plastiki vya mviringo-nusu kwa nafasi zinazolingana, kisha chukua karatasi nyembamba ya alumini, ilaze juu yake na uikandamize taratibu kwa kijiti cha mbao mpaka ishuke kwenye kila bonde. Baada ya hapo pitisha ncha butu ukikata mistari ya mlalo, lakini uipitishe kwa mkono bila rula, kwa maana paa la miaka 100 halina mstari ulionyooka. Rangi ya msingi ni kahawia-kijivu, wala si nyekundu, na kwenye mabonde weka kijani cha kuvu na mimea midogo. Naongeza tu kwamba njia kuu haipiti Hội An. Stesheni kubwa ya karibu ni Đà Nẵng, na nyumba zako utaziweka vizuri zaidi kama mtaa wa kale wa mji usiotajwa jina.

Swali: Mabango ya maduka niyaandike nini? Siifahamu lugha.

Jibu: Kivietnam huandikwa kwa herufi za Kilatini, lakini alama zilizo juu na chini ya herufi ni sehemu ya neno, na bango lisilo na alama hizo litamuumiza kila anayeisoma lugha hiyo. Maneno machache yanatosha mtaa mzima: PHỞ BÒ kwa supu ya tambi na nyama ya ng'ombe, CÀ PHÊ kwa kahawa, CẮT TÓC kwa kinyozi, TẠP HÓA kwa duka la bidhaa mchanganyiko, SỬA XE kwa fundi wa pikipiki, NHÀ NGHỈ kwa nyumba ya wageni. Stesheni huitwa GA, neno lililotokana na Kifaransa, likifuatiwa na jina la mahali, kama GA HẢI PHÒNG. Chagua aina ya herufi inayokubali alama zote, chapisha kubwa kisha ipunguze, na ukague kila bango kwa kioo cha kukuzia. Namba za nyumba ni nyeupe kwenye kibati cha buluu. Kwa 1:87 ni nukta tu, lakini nukta ya buluu kando ya kila mlango huonekana.

Swali: Nyumba zangu zimekamilika na vipimo viko sawa, lakini mtaa bado unaonekana mpya kama toi. Kinakosekana nini?

Jibu: Unyevu na nyaya. Hewa ya kaskazini mwa Vietnam ina unyevu mwingi, na kuta huota weusi wa kuvu kuanzia juu kushuka chini: chini ya kingo za madirisha, chini ya roshani, na pale ukuta wa juu wa baraza unapopokea mvua. Changanya rangi nyeusi na kahawia kwa maji mengi, ianzishe juu ya ukuta kwa brashi ndogo na uiache ishuke yenyewe. Usisambaze uchafu sawasawa ukuta mzima; acha nafasi zilizo safi chini ya vipaa vya mabati, maana hapo mvua haikufika.

Nyaya za umeme na simu hubebwa na nguzo za zege zilizo kando ya barabara, kwa mafungu mazito yaliyojikunja. Tumia uzi wa kushonea uliopitishwa kwenye nta ili usitoe manyoya, ning'iniza uzi 10 au 15 kati ya nguzo mbili kwa mlegeo tofauti, kisha uzifunge pamoja katikati na kuacha viduara vichache karibu na nguzo. Mti mmoja wa mkungu, ambao Wavietnam huuita bàng na ambao matawi yake hukaa kwa tabaka zilizolala, usimame mbele ya nyumba ambayo huipendi sana. Na kwenye makutano ya reli na barabara weka kijumba cha mlinzi chenye dirisha linalotazama pande zote mbili za njia, pamoja na geti la chuma lenye magurudumu madogo, ambalo mlinzi hulisukuma kwa mikono kuifunga barabara kabla treni haijafika. Geti hilo liache lisimame nusu ya barabara, na pikipiki za mbele ziwe tayari zimesimama.